Picha ndani ya jedwali au kwenye folda? Mafaili mazito ya mfumo wako yakae wapi

Kijana mmoja anayetengeneza mfumo wa ghala la mahindi kule Kibaigwa alinipigia jioni moja nikiwa nasubiri daladala Sabasaba. "Shikamoo kaka. Hizi picha za stakabadhi niziweke ndani ya kanzidata (database) yenyewe, au niziache kwenye folda halafu kwenye jedwali niandike jina tu?" Nikaitikia marahaba, kisha nikamrudishia swali: siku seva ikiungua, nani ataisimamisha tena, kwa bekapu ipi, na kwa saa ngapi? Kimya. Labda salio liliisha.

Wengi hulinganisha njia hizi kwa kasi tu. Mimi nimeacha. Kasi ikipungua unaongeza diski ya SSD na kazi inaendelea, lakini bekapu isiyorudi haina dawa ya dukani. Kwa hiyo katika kila njia hapa chini nitaanza na siku ya kurudisha data, ndipo nifike kwenye kasi.

Mzigo wenyewe kwanza

Tuchukue ushirika wa kufikirika wa wakulima wa zabibu upande wa Hombolo, wanachama 4,000. Kila mwanachama ana picha ya kitambulisho. Ukiipunguza vizuri inatoka KB 40. Ana pia kurasa nne za skani: barua ya serikali ya kijiji kuhusu shamba, mkataba, na kadhalika, tuseme MB 1.5 kwa ukurasa. Halafu kuna video 200 za mashamba zilizopigwa kwa droni, MB 300 kila moja.

Piga hesabu. Picha zote ni MB 160, zinaingia kwenye flashi ya zamani kabisa. Skani ni kurasa 16,000, yaani GB 24. Video ni GB 60. Hivi ni vitu vitatu tofauti, na kosa la kwanza la wengi ni kuvitafutia jibu moja.

Kosa la pili ni kuhifadhi picha kama ilivyotoka kwenye simu. Picha ya MB 4 kwa ajili ya kadi ya uanachama ni sawa na kupeleka lori kubeba debe moja. Ipunguze kabla haijagusa seva. Barua yenye maandishi meusi haihitaji kuskaniwa kwa rangi.

La tatu linaniudhi zaidi: kugeuza picha kuwa maandishi ya Base64 na kuyamwaga kwenye safu ya TEXT. Base64 inatumia herufi nne kwa kila baiti tatu, kwa hiyo GB 24 zako zinakuwa GB 32 bila faida yoyote. Kama umeamua picha ikae kwenye jedwali, tumia aina ya safu iliyotengenezwa kwa baiti.

Njia ya kwanza: ndani ya jedwali

Hapa uzuri wake ni mmoja, na ni mkubwa. Picha na taarifa za mkulima vinaingia katika muamala mmoja: vinaandikwa vyote au haviandikwi kabisa. Bekapu ni moja. Ukirudisha kanzidata, kila kitu kimerudi, hakuna mkulima asiye na uso wala uso usio na mkulima. Kwa ofisi ambayo mtu wa kompyuta ni mmoja na ndiye huyo huyo anayeshughulikia printa, hilo si jambo dogo.

Gharama zake zinategemea kanzidata uliyonayo, na vikomo vyake havifanani:

| Kanzidata | Aina ya safu | Kikomo cha thamani moja |
|---|---|---|
| MySQL | BLOB | baiti 65,535 |
| MySQL | MEDIUMBLOB | karibu MB 16 |
| MySQL | LONGBLOB | karibu GB 4 |
| PostgreSQL | BYTEA | GB 1 |
| SQL Server | VARBINARY(MAX) | GB 2 |
| SQLite | BLOB | baiti bilioni 1, usipobadilisha mpangilio |

Mstari wa kwanza wa jedwali hilo ulinitoa jasho. Miaka ya nyuma nilitumia BLOB ya kawaida ya MySQL, kwenye seva ya zamani isiyokuwa na ukali wa kukataa data iliyozidi. Picha zilizopita KB 64 zilikatwa kimyakimya. Tulipochapa kadi, wakulima wengi walikuwa na paji la uso na macho, kuanzia puani kwenda chini ni kijivu kitupu. Mzee mmoja aliiangalia kadi yake muda mrefu, akaniambia, "Mwanangu, mdomo wangu umeuweka wapi?" Tangu toleo la 5.7, MySQL huja ikiwa na ukali huo, hivyo leo ungepata kosa badala ya mdomo kupotea. Hata hivyo weka MEDIUMBLOB na uache kujaribu bahati. Angalia pia max_allowed_packet: kwenye MySQL 8.0 seva inaanza na MB 64, na kitu kizito kuliko hapo hakipiti hata kama safu ni LONGBLOB.

PostgreSQL ina utaratibu wake uitwao TOAST. Kurasa zake za diski ni KB 8, na mstari mmoja hauruhusiwi kuvuka ukurasa. Kwa hiyo mstari ukizidi kama KB 2, thamani nzito zinabanwa na, zikibaki kubwa, zinakatwa vipande vya karibu baiti 2,000 na kupelekwa kwenye jedwali la pembeni lisiloonekana. Skani yako ya MB 1.5 inakuwa vipande kama 750, kila kimoja kikiwa mstari wenye nafasi yake kwenye faharasa. Kusoma skani moja ni kuokota vipande hivyo vyote na kuviunga. JPEG tayari imebanwa, kubana tena hakusaidii. Ndiyo maana safu za picha hufaa kuwekewa SET STORAGE EXTERNAL, ambayo huviweka vipande nje bila kujaribu kuvibana.

Kuna uvumi mmoja niutoe njiani. Utasikia kwamba ukibadilisha namba ya simu ya mkulima, PostgreSQL inaandika upya na picha yake. Si kweli. Kama safu ya picha haikuguswa, mstari mpya unaelekeza kwenye vipande vile vile vya zamani. Mchawi halisi ni SELECT *. Ukurasa wa orodha ya wakulima 50 unaovuta safu zote unavuta na skani 50, halafu mnalaumu mtandao. Tiba ni ndogo: picha zikae kwenye jedwali lao, mkulima_id na baiti, mbali na jedwali linalosomwa kila dakika. Fanya hivyo hata kama picha ni ndogo.

Sasa tuje kwenye ile siku ya bekapu. Kila kinachoingia kwenye PostgreSQL huandikwa kwanza kwenye daftari la kumbukumbu za mabadiliko, WAL, kisha kwenye jedwali. GB 24 za skani ni kama GB 48 za kuandika. Kama una seva ya pili inayofuata ya kwanza, daftari hilo linasafiri hadi kule. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, GB 24 zinachukua saa 5 na dakika 20, ikiwa hakuna mtu mwingine anayetumia laini, jambo ambalo ofisini halipo. Na pg_dump, programu ya bekapu ya PostgreSQL, ikitoa maandishi huandika kila baiti kama herufi mbili, hivyo faili la bekapu lisilobanwa ni GB 48.

Kuwa kila baiti ni herufi mbili kuna mtego mwingine mbaya zaidi. BYTEA inakubali hadi GB 1, lakini wakati wa kuitoa kama maandishi PostgreSQL inahitaji nafasi mara mbili kwenye kumbukumbu, na nayo ina kikomo cha GB 1. Kwa hiyo kitu cha MB 600 kinaweza kuingia salama, kikakaa salama, kisha pg_dump ikakwama kila usiku juu ya mstari huo mmoja. Asiyesoma ripoti ya bekapu atakuja kulijua hilo siku anayoihitaji.

Nafasi ya diski nayo hairudi kwa DELETE. PostgreSQL huweka alama kwamba nafasi inaweza kutumika tena, lakini kwa kawaida faili halipungui mpaka uendeshe amri ya VACUUM FULL, ambayo inafunga jedwali na kuhitaji nafasi ya kuliandika lote upya. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, ni vivyo hivyo hadi uendeshe OPTIMIZE TABLE. Ukisubiri diski ijae ndipo ufute, umechelewa: hakuna pa kuandikia nakala mpya.

Kwa picha za MB 160, hakuna hata moja kati ya shida hizi itakayokugusa. Weka ndani. Mwaka 2006 watafiti wa Microsoft, akiwemo Jim Gray, walipima SQL Server dhidi ya mfumo wa mafaili wa NTFS. Vitu vya chini ya KB 256 vilifanya vizuri zaidi kwenye kanzidata, vya zaidi ya MB 1 kwenye mafaili, na katikati inategemea matumizi. Vifaa vimebadilika sana tangu wakati huo, ila mstari huo bado nauona wa busara. Sababu yake haijazeeka: kufungua na kufunga faili kuna gharama isiyobadilika, na kwa kitu kidogo gharama hiyo inazidi kazi ya kukisoma.

Njia ya pili: faili kwenye diski, jina kwenye jedwali

Hapa kanzidata inabaki nyepesi. GB 24 za skani zinatoka, inabaki mistari 16,000 yenye jina la faili, ukubwa, aina na tarehe. Bekapu ya kanzidata inakwisha kabla chai haijapoa. Mafaili nayo yananakiliwa kwa rsync, ambayo hupeleka mapya tu: leo zimeongezeka skani 30, zinakwenda hizo 30.

Lakini umekubali kufuga ng'ombe wawili badala ya mmoja. Kanzidata inajua muamala, folda haijui. Umeme ukikatika katikati, na Dodoma hilo halihitaji maelezo, unaweza kubaki na mstari unaoonyesha faili lisilokuwepo, au faili lisilo na mwenyewe.

Dawa ni mpangilio wa hatua. Andika faili kwanza kwa jina la muda, hakikisha limefika diski kwa fsync, libadilishe jina, ndipo uingize mstari. Ukianguka katikati, unabaki na faili la ziada, ambalo halimdhuru mtu. Kufuta ni kinyume: futa mstari kwanza, faili liachie kazi ya usiku, tena baada ya siku kadhaa. Bekapu nayo ifuate mantiki hiyo: toa kanzidata kwanza, kisha nakili folda. Kwa kuwa mafaili hayafutwi papo hapo, kila mstari uliomo kwenye bekapu utalikuta faili lake. Ukianza na folda, skani zilizoingia katikati zitakuwa na mstari bila faili, na hutajua.

Jina la faili ndipo wengi wanapoharibu. Nimekuta jedwali lenye maelfu ya mistari inayoanza na C:\xampp\htdocs. Mfumo ulipohamia Linux, njia zote zikawa hadithi. Nimekuta pia "scan1.jpg" iliyofutwa na "scan1.jpg" ya mkulima mwingine. Mimi hutumia alama ya SHA-256 ya faili lenyewe: herufi 64, zinazotokana na yaliyomo. Herufi mbili za mwanzo zinakuwa jina la folda, hivyo mafaili yanagawanyika kwenye folda 256 na hakuna folda inayofurika. Faili moja likipakiwa mara mbili linahifadhiwa mara moja. Zaidi ya yote, baada ya kurudisha bekapu unaweza kupiga hesabu ya kila faili upya na kulinganisha na jina lake, lililoharibika linajitaja. Kwenye jedwali kaa na alama tu, njia ya folda iwe kwenye mpangilio wa programu.

Na folda hiyo isiwe ndani ya folda ya tovuti. Vitambulisho na hati za watu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakutaka uzilinde. Picha iliyo kwenye anwani ambayo mtu yeyote anaweza kuibahatisha haijalindwa. Programu ikague ruhusa kwanza, kisha imkabidhi Nginx, programu ya kuhudumia tovuti, faili hilo kwa X-Accel-Redirect. Nginx atalipeleka kwa mtumiaji bila kulipitisha kwenye kumbukumbu ya programu yako, na video ya MB 300 inatoka hata kwenye seva yenye RAM ndogo. Ukijaribu video hiyo hiyo kupitia BYTEA utaiona seva ikihema.

Njia ya tatu: ghala la vitu

Hii ni folda iliyosoma zaidi: huduma kama S3 ya Amazon, au programu za kujisimamishia mwenyewe zinazozungumza lugha ile ile, kama MinIO au Ceph. Unapata matoleo ya zamani ya faili, upakiaji wa vipande vipande unaoendelea mtandao ukirudi, na kiungo cha muda kinachokufa baada ya dakika ulizochagua. Kanuni za majina na mpangilio wa hatua ni zile zile za njia ya pili.

Inalipa pale programu inapoendeshwa kwenye seva mbili au zaidi zinazohitaji kuona mafaili yale yale. Kwa seva moja iliyo chini ya meza ya mhasibu, ni mtambo mwingine wa kulinda, kusasisha na kukumbuka nywila yake. Ukichagua huduma ya nje ya nchi, soma kwanza masharti ya sheria niliyoitaja kuhusu kusafirisha taarifa binafsi nje ya Tanzania.

Njia za katikati

PostgreSQL ina kitu kingine kiitwacho large objects. Kinafika TB 4, kinahifadhiwa kwa vipande vya KB 2, na unaweza kuruka hadi katikati ya faili na kusoma kipande tu. Kinavutia, hadi ufute mstari na ugundue kitu chenyewe kimebaki, kwa sababu jedwali lilikuwa na namba yake tu. Itabidi uendeshe vacuumlo kuokota mayatima. Mfumo wa kunakili mabadiliko kwa mantiki, ambao wengi hutumia kuhamia toleo jipya, hauvibebi. Sijawahi kuona mradi wa kawaida uliokihitaji kweli.

Walio kwenye SQL Server wana FILESTREAM tangu 2008: baiti zinakaa kwenye NTFS, muamala na bekapu vinabaki vya kanzidata. Microsoft yenyewe huipendekeza kwa vitu vyenye wastani wa zaidi ya MB 1. Kama leseni mnayo tayari, itumieni. Si sababu ya kununua leseni.

Tableti za vijijini

Kuna hali moja ambapo naweka hata vitu vya kati ndani ya jedwali bila kusita: ukusanyaji wa data kijijini, Bahi au ndani zaidi, ambako ofisa anazunguka siku nzima bila mtandao. Hapo SQLite. Kanzidata nzima ni faili moja. Jioni analipeleka ofisini, iwe kwa Wi-Fi au kwa flashi, na picha zote zimo. Folda yenye picha 300 zilizolegea lazima ipoteze mbili njiani.

Kasi pia iko upande wako. Watengenezaji wa SQLite walipima vitu vya KB 10 na kukuta kuvisoma na kuviandika kwenye kanzidata ni haraka kwa kama asilimia 35 kuliko mafaili mmoja mmoja. Kwa usomaji, mwongozo wao unaweka mpaka karibu na KB 100, na ukurasa wa KB 8 au 16 ndio unaofaa vitu vikubwa. Tahadhari ni moja: usilinakili faili hilo wakati programu imelifungua. Tumia VACUUM INTO upate nakala safi, ndiyo isafiri.

Ushirika wetu, basi

Picha za wanachama, KB 40: ndani ya kanzidata, kwenye jedwali lao. Skani: folda yenye majina ya SHA-256, kwa sababu GB 24 ni nyingi mno kwa bekapu ya kila usiku kupitia laini ile. Video: folda ya namna hiyo hiyo, lakini kwenye diski tofauti na ratiba tofauti ya bekapu, maana video ya shamba ikipotea unaweza kupiga nyingine msimu ujao, lakini sahihi ya mwenyekiti wa kijiji aliyekwisha ondoka madarakani huipati tena.

Kijana wa Kibaigwa alinipigia baadaye. Tayari alikuwa na GB 9 za skani ndani ya BYTEA na mfumo unatumika. Nikamwambia ahamishe polepole: achukue mistari 500 kwa mara, atoe baiti, apige SHA-256, aandike faili, alisome tena kutoka diski na kulinganisha, ndipo ajaze safu ya alama na kuiweka ya baiti kuwa tupu. Programu kwa muda huo itafute faili kwanza, ikikosa irudi kwenye safu ya zamani. Akimaliza, na baada ya bekapu mbili zilizojaribiwa kwenye mashine nyingine, aendeshe VACUUM FULL usiku wa Jumamosi, soko likiwa limefungwa. Akauliza, "Kaka, mashine nyingine ndiyo ipi?" Nikamwambia hata laptopu yake inatosha, mradi iwe na GB 20 tupu.